Mtoto Anahitaji Uji Mzito Kuliko Mashine

Msimu wa bonasi unapokaribia, kila nyumba ya mkulima mdogo wa chai, kuanzia Litein hadi Mogogosiek, huwa tayari imeshaigawa pesa hiyo kichwani. Kuna karo, kuna mbolea iliyokatwa kwenye malipo, kuna mabati, na ikibaki kitu, kuna kile kifaa cha nyumbani kilichokuwa kikingojewa tangu mwaka uliopita. Kwa wazazi wachanga, kifaa hicho siku hizi huenda kikawa mashine ya kutengenezea chakula cha mtoto, ile inayonadiwa sana kwenye simu. Unakata karoti au malenge vipande vidogo, unatia maji kidogo chini, mvuke unaivisha kwa muda wa robo saa, kisha kisu kilicho ndani kinasaga mpaka chakula kinateleza kama krimu. Kampuni ya Béaba ya Ufaransa ndiyo iliyoupa mtindo huo jina ilipotoa Babycook mwaka 1989, na leo kuna za kila chapa. Za bei nafuu zinauzwa kwa maelfu kadhaa ya shilingi, na zenye majina makubwa zinapita 10,000. Kwa maoni yangu, familia nyingi za Kericho na Bomet, kaunti za chai hapa Kenya, hazifai kuinunua. Sina ugomvi na umeme wala na vitu vya kisasa. Sababu yangu ni kwamba mashine hii inafanya kazi iliyo rahisi kuliko zote katika kumlisha mtoto, ambayo ni kulainisha, na kuziacha zile ngumu palepale zilipokuwa.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri anyonyeshwe tu mpaka miezi 6, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 na zaidi. Kati ya miezi 6 na 8, mtoto anayenyonya vizuri anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku kutoka kwa chakula, kati ya miezi 9 na 11 anahitaji 300, na akishapita mwaka 550. Kiasi hicho si kikubwa, lakini tumbo lake ni dogo. Linabeba kama gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 8 hushiba kwa robo lita hivi. Sasa piga hesabu ya uji. Gramu 100 za unga wa mahindi au wimbi zina kilokalori kama 330 hadi 360. Kikombe cha mililita 200 kilichotiwa gramu 10 za unga kinampa mtoto kilokalori 35 hivi, na kikitiwa gramu 30 kinampa zaidi ya 100. Vikombe vyote viwili vinalijaza tumbo lilelile. Mtoto wa kikombe cha kwanza atalala ameshiba, lakini mwili wake umepata theluthi moja tu ya alichopata mwenzake. Ndiyo maana wahudumu wa kliniki hurudia kila mara kwamba chakula cha mtoto kikae juu ya kijiko kikiinamishwa, kisitiririke.

Hapo ndipo mashine ya kusaga inapoanza kudhuru kimyakimya. Kisu hakiwezi kusaga kitu kizito na kikavu; kinazunguka hewani huku chakula kimeng'ang'ania kuta za chombo. Ili kizunguke, mpishi anaongeza maji, na kadiri anavyoongeza ndivyo chakula kinavyozidi kupendeza machoni na kupungua nguvu. Kinachotoka ni supu ya rangi nzuri ya malenge ambayo ingekuwa chakula kamili kama mtoto angekuwa na tumbo la mtu mzima. Uma na bakuli havina shida hiyo. Kiazi kitamu kilichoiva, parachichi, ndizi au maharagwe yaliyolowekwa na kupikwa mpaka yakawa tepetepe hupondeka bila tone la maji, na kikihitajika kioevu kidogo, maziwa ya mama yaliyokamuliwa yanaongeza nguvu badala ya kuipunguza.

Kuna njia ya kuulainisha uji ukabaki na unga wake wote, na haikutoka kiwandani. Miaka ya 1980 watafiti A. C. Mosha na U. Svanberg walichunguza kimea huko Tanzania, na katika kijiji cha Luganga, mkoani Iringa, wakapima jinsi watoto walivyoupokea uji uliotiwa unga wa nafaka iliyochipua. Nafaka ikichipua hutoa kimeng'enya kinachokata wanga vipande vifupi. Ukiwa na uji mzito kiasi cha kusimamisha mwiko, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea ungali moto lakini hautokoti, koroga, na baada ya dakika chache unalegea hadi mtoto anaweza kuumeza. Unga ni uleule na nguvu ni ileile, ila umelainika. Wimbi linafaa sana kwa kazi hii, na nyumba nyingi za Wakipsigis zinakijua kimea chake, hata kama wengi walikifahamu kupitia pombe ya kienyeji. Linalowekwa usiku kucha, linafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu hadi litoe vichipukizi, linaanikwa likauke kabisa, kisha linasagwa. Tahadhari ni mbili. Katika baridi na ukungu wa Kericho nafaka isiyokauka vizuri huota kuvu, na uji uliolegezwa lazima urudishwe motoni uchemke tena, kwa kuwa kimea kibichi hubeba vijidudu.

Halafu kuna suala la umri, ambalo wauzaji hawaligusi. Chakula laini kabisa kinahitajika kwa muda mfupi mno. Akiwa na miezi 6 mtoto anakula kilichopondwa, kufikia miezi 8 wengi wanaweza kushika kipande cha ndizi au kiazi na kukitafuna kwa ufizi, na kufikia mwaka 1 anaweza kula mlo wa familia uliokatwakatwa. Dirisha hilo likipita pana gharama. Utafiti uliofuatilia maelfu ya watoto waliozaliwa eneo la Avon, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba waliocheleweshewa chakula chenye mabonge hadi baada ya miezi 9 au 10 walikuwa na matatizo zaidi ya kula, na baadhi ya tofauti hizo zilionekana hata walipofika miaka 7. Kutafuna ni ujuzi, na mtoto huupata kwa kutafuna. Mashine inayosaga kila kitu kwa kubonyeza kitufe inamshawishi mlezi aendelee kusaga hata mwezi wa 11, maana chakula laini huingia haraka bila vurugu. Basi kifaa kilichogharimu maelfu kina kazi halali ya miezi miwili au mitatu, na baada ya hapo kikitumika zaidi, kinamrudisha mtoto nyuma.

Wanaoitetea mashine wana hoja, na si za kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba mvuke huhifadhi vitamini. Ni kweli: vitamini C na folati huyeyuka majini, na mboga iliyotokoswa kwenye maji mengi kisha maji yakamwagwa imepoteza sehemu nzuri ya faida yake. Ila mvuke haujali umetoka wapi. Sufuria yenye maji ya vidole viwili, bakuli la bati ndani yake na kifuniko kilichobana inafanya kazi hiyohiyo juu ya jiko la makaa. Mapishi yetu ya mboga za kienyeji nayo yana lao la kufundisha. Mboga za saga na managu zinazoivishwa kwa maji kidogo na kumaliziwa kwa maziwa au malai zinampa mtoto mafuta, na bila mafuta mwili hauwezi kuichukua vizuri vitamini A iliyo kwenye majani yale ya kijani kibichi.

Kuna hoja ya umeme, na hapa wapinzani wa mashine hukosea. Husema itamaliza tokeni. Mashine ya wati 500 ikiwaka robo saa inakula thumuni ya uniti; hata uniti ikiwa shilingi 30, hiyo ni shilingi 4 hivi, pungufu ya gharama ya makaa. Stima si ghali kwa kazi hii. Tatizo lake ni kutoaminika. Kericho ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi, na dhoruba inayochana majani ya chai alasiri ndiyo hiyohiyo inayoangusha matawi kwenye nyaya. Mlo wa jioni wa mtoto haufai kutegemea kitu ambacho huenda kisirudi mpaka kesho.

Usafi nao unahitaji kutazamwa kwa makini. Chakula cha nyongeza kilichochafuka ni njia kubwa ya kuharisha kwa watoto wa miezi 6 hadi 24, na kuharisha mara kwa mara ni mlango mmojawapo wa kudumaa. Tazama chini ya kisu cha mashine yoyote ya kusaga: pana mpira mwembamba unaozuia maji yasivuje, na kati ya mpira na chuma masalio ya chakula hujificha. Anayefungua, anayesugua na kukausha sehemu hizo kila baada ya mlo atakuwa salama. Lakini pale maji yanapobebwa kutoka mtoni kwa mtungi, na mlezi ni msichana wa kazi aliyeonyeshwa kitufe tu, uma na bakuli vinasafishika kwa sekunde chache na havina mahali pa kufichia kitu.

Hoja nzito kuliko zote ni ya muda, na hii nataka kukaa nayo. Mchumaji wa chai hulipwa kwa kilo. Dakika anayotumia jikoni ni majani ambayo hayakuingia kikapuni. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama mwajiriwa likizo ya miezi 3 yenye malipo kamili, nusu ya ile miezi 6 ya kunyonyesha tu, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha au kukamulia maziwa. Kibarua wa msimu mara nyingi haoni faida ya sheria hizo, na mke wa mkulima anayechuma shamba lake mwenyewe hana hata mwajiri wa kumdai. Kwa mama kama huyo, kumwambia asinunue kitu cha kumpunguzia kazi ni ukatili, kama kweli kinampunguzia. Hebu tupime. Kuponda kiazi kwa uma ni dakika tatu. Kumlisha mtoto wa miezi 8 ni nusu saa: anageuza uso, anatema, anacheka, anarudi tena. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unasisitiza ulishaji wa namna hiyo hasa, mlezi akikaa ana kwa ana na mtoto, akizisoma dalili zake za njaa na shibe, bila kumlazimisha. Na hilo hurudiwa mara 2 au 3 kwa siku, baadaye 3 au 4. Muda wa kulisha umo katika kukaa huko, ambako hakuna mashine inayokugusa.

Kwa hiyo anayetaka kumwokolea mama muda lazima aulize ni nani anayekaa na mtoto mama akiwa majanini. Mara nyingi ni gogo, yaani bibi, mwenye macho hafifu, au dada wa miaka 10 siku za likizo, au jirani anayeangalia watoto wengi kwa ada ndogo. Kericho imeshaona kwa uchungu jinsi swali la mashine linavyokuwa swali la watu: Mei 2023 maandamano yalifika hadi mashine za kuchuma chai kuteketezwa, kwa sababu kila moja ilikuwa imechukua vibarua vya watu wengi. Upande wa kutia moyo pia umo humuhumu. Watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya kilichoko Nairobi, walifanya kazi katika shamba kubwa la chai Kericho kuona jinsi mahali pa kazi panavyoweza kumwezesha mama kunyonyesha. Kituo cha kulelea watoto chenye mlezi aliyefunzwa, karibu na pale mama anapochuma, kinaokoa saa nzima nzima. Hata chupa nzuri ya chai ya kuhifadhi uji ukiwa moto kwa saa chache, ili gogo asilazimike kuwasha moto upya wala kumpa mtoto uji uliopoa tangu asubuhi, inasaidia kuliko kisu cha umeme, na bei yake ni sehemu ndogo tu.

Ugumu unaobaki ni wa kilichomo kwenye bakuli. Uchunguzi wa kitaifa wa afya, KDHS, wa mwaka 2014 ulikuta zaidi ya thuluthi ya watoto wa chini ya miaka 5 Bomet wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 26. Kufikia 2022 wastani huo ulikuwa umeshuka hadi asilimia 18, hatua ya kujivunia, lakini uchunguzi uleule ulionyesha kuwa asilimia 31 tu ya watoto wa Kenya wa miezi 6 hadi 23 walikuwa wakipata mlo unaokidhi kiwango cha chini kwa idadi na kwa aina. Bomet haina uhaba wa vyakula laini. Ina viazi, ndizi, malenge, maziwa. Kinachokosekana bakulini ni yai, omena, ini, maharagwe, mboga. Chukulia mashine ya shilingi 12,000. Yai likiwa shilingi 20, pesa hiyo inanunua mayai 600, yai moja kila siku kuanzia miezi 6 hadi mtoto apite miaka 2. Sisemi yai ni dawa. Jaribio lililofanywa Ekwado na kuchapishwa mwaka 2017 lilionyesha yai moja kwa siku likipunguza sana kudumaa. Liliporudiwa Malawi, matokeo yaliyochapishwa 2019 hayakuona tofauti katika kimo, na watafiti wakaeleza kwamba watoto wa kule walikuwa tayari wanakula samaki wengi wa ziwani. Milima ya chai haina ziwa. Omena inayofika soko la Sotik imesafirishwa, na nyumba nyingi huinunua kidogo kidogo. Kwa hiyo nafasi ya yai hapa ni kubwa.

Wengine hudhani wamelimaliza suala la aina kwa kununua unga wa uji wa mchanganyiko, wenye mahindi, soya, njugu na omena zilizosagwa pamoja. Wataalamu wa lishe wengi wanaupinga, na nakubaliana nao. Kila kiungo kina muda wake wa kuiva, na njugu au mahindi yaliyoota kuvu hayatambuliki tena yakishakuwa unga. Novemba 2019 KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, na huo ulikuwa unga wa nafaka moja.

Na kuna chai yenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto alizaliwa nayo huanza kuisha karibu miezi 6, na maziwa ya mama yana chuma kidogo, hivyo chakula ndicho kinachotakiwa kuziba pengo. Chai ina viambata vinavyokishika chuma cha mboga na nafaka tumboni na kukizuia kisiingie mwilini. Kikombe kimoja pamoja na mlo kinaweza kupunguza ufyonzaji kwa zaidi ya nusu, na kutia maziwa hakuondoi tatizo. Katika nyumba ambamo chai ipo mezani tangu alfajiri, mtoto wa miezi 9 huonjeshwa, kisha huchovyewa mkate, kisha hupewa kikombe chake. Hakuna anayemtakia mabaya. Hata hivyo, mzazi aliyenunua mashine ya 12,000, akasaga managu kwa uangalifu, kisha akateremshia mlo huo kwa chai ya maziwa, ameipoteza sehemu kubwa ya chuma alichokihangaikia. Kuacha kumpa mtoto chai hakugharimu hata senti.

Kuna nyumba ambazo ningeziambia zinunue bila kusita. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo au tatizo la kumeza huenda akahitaji chakula laini kwa miaka, na hapo kifaa cha kusaga ni sehemu ya matibabu, kwa ushauri wa afisa wa lishe wa hospitali kama Longisa au Kapkatet. Mzazi mwenye mkono mmoja wenye nguvu, au ugonjwa wa viungo, hana haja ya kuteswa na uma. Na familia inayotaka blenda kwa ajili ya wote inunue blenda ya kawaida, ambayo itasaga nyanya na parachichi mtoto akiwa ameshaanza shule. Anayeona kwamba hata hiyo haihitaji, na bado bonasi imebaki kidogo, kuku watatu wanaotaga na banda lisilovuja watamfaa mtoto kwa muda mrefu zaidi.

Wa kuyafundisha haya yote wapo: wahudumu wa afya ya jamii waliosambazwa nchini tangu Septemba 2023 tayari hupita nyumba kwa nyumba, lakini mama anayechuma hayupo nyumbani saa wanazopita. Yupo kwenye kituo cha kununulia chai, amekaa juu ya ukuta mfupi na mtoto mgongoni, akingoja mzani na lori la kiwanda, wakati mwingine mpaka jioni. Hapo pana wazazi kadhaa pamoja, pana kivuli, na pana saa moja au mbili zisizo na kazi. Viwanda vya Litein, Momul, Kapkoros, Tirgaga na vinginevyo vina vituo vya aina hiyo kila upande. Wakurugenzi waliochaguliwa na wakulima wanaweza kukubaliana na kaunti mhudumu afike pale na sufuria, unga wa wimbi, kijiko cha kimea, mayai na uma, aonyeshe uji unavyosimama na unavyolegea, na ampe kila mama nafasi ya kuukoroga kwa mkono wake.